Taa zingoje: anza na kitabu cha ishara

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Arua, Uganda. Mwaka huu nimekabidhiwa pia somo la Sanaa za Maonyesho pamoja na klabu ya drama. Wanachama ni sitini na kidogo, lakini mchezo tunaouandaa una wahusika kumi na wanne tu. Waliobaki hukaa wakitazama mazoezi, wanachoka, kisha fujo zinaanza. Nataka kuwafundisha kazi za nyuma ya pazia: taa, sauti, mandhari. Ukumbi wetu umeezekwa kwa mabati, una taa nne za mrija na soketi mbili zinazofanya kazi. Shule imetupa shilingi 500,000. Mwalimu mkuu anauliza mambo haya yatawasaidia nini watoto katika mtihani. Ninunue taa gani, na nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, nimefurahi kwa sababu umeona jambo ambalo wengi wetu hatulioni: wale arubaini na kitu walioko benchi ndio kazi yako kubwa. Naanza na swali lako la mwisho. Taa usinunue muhula huu, na pengine hata mwaka huu mzima.

Sababu ya kwanza ni jua. Maonyesho mengi ya shule hufanyika saa nane au saa tisa mchana ili wanafunzi wa kutwa wawahi nyumbani. Saa hizo jua la Arua linaingia kwa kila dirisha, na taa ya wati 50 ikiwashwa hakuna atakayejua kama inawaka. Sababu ya pili ni hesabu ya mikono. Taa sita huendeshwa na wanafunzi wawili, au watatu wakizidi sana. Pesa yote itakuwa imekwisha na bado una watoto arubaini wasio na la kufanya. Ya tatu ndiyo nzito zaidi: ufundi wa jukwaa, kwa asili yake, ni kufanya jambo fulani kwa wakati wake hasa, kila onyesho, gizani au nyuma ya pazia, huku wenzako wakikutegemea. Mwanafunzi anaweza kujifunza hilo kwa penseli na daftari kabla hajagusa swichi yoyote. Asipojifunza hilo, hata umpe mitambo ya ukumbi wa Taifa wa Kampala, atawasha taa wakati mwigizaji ameshatoka.

Kwa hiyo nunua kaunta buku moja nene. Hicho kitakuwa kitabu cha ishara. Toa nakala ya mchezo upande mmoja wa karatasi, kisha bandika kila ukurasa kwenye upande wa kulia wa kaunta buku. Upande wa kushoto ubaki mtupu. Huo ndio wa msimamizi wa jukwaa. Kila kinachotokea katika mchezo ambacho hakifanywi na mwigizaji kwa mdomo wake kinaandikwa hapo na kupewa namba: pazia kufunguka, ngoma kulia nyuma, kiti kuondolewa, mlango kugongwa, radi kupiga. Mbele ya namba andika nani anafanya, anafanya nini, na ni wakati gani hasa. Neno "hasa" ndilo lenye somo. Tuseme katika mchezo wenu kuna mjomba anayegonga meza akidai shamba. Mwanafunzi ataandika: "Ishara 7, pikipiki isikike, mjomba anapogonga meza." Mwulize: anagonga mara ngapi? Mara tatu. Basi pikipiki isikike baada ya pigo lipi? Kabla mkono haujainuka au baada? Atafuta na kuandika tena: "mara tu baada ya pigo la tatu, kabla mama hajageuka." Ndiyo maana tunatumia penseli na kifutio. Kalamu ya wino isikaribie kitabu kile.

Mchezo wa dakika arubaini wa shule, ukiukagua hivi, hutoa ishara nyingi kuliko mwalimu alivyodhani. Gawa ishara hizo kwa wanafunzi, kila mtu na zake, jina kwa jina. Hapo ndipo benchi litakapoanza kupungua. Mtoto aliyekuwa anarusha vikaratasi sasa anajua kwamba ishara 7 ni yake, na asipokuwa mahali pake mjomba atagonga meza na ukumbi utabaki kimya.

Siku ya onyesho msimamizi wa jukwaa ndiye anayeita ishara, na kuita kuna utaratibu wake. Kama dakika moja kabla, anamwonya mwenye ishara: "Jiandae, 7." Mwenye ishara anajibu, "7 nipo." Sekunde chache kabla: "Tayari, 7." Kisha wakati wenyewe: "7, piga." Neno hilo la kutekeleza liwe moja, na tangu pazia lifunguke hadi lifungwe lisitamkwe na yeyote kwa jambo jingine. Mkiwa na neno lililozoeleka katika maongezi, siku moja mtu atalitaja akiongea mambo yake na pazia litaanguka katikati ya kilio.

Nani awe msimamizi? Utashawishika kumpa kiranja au mwenye sauti kubwa. Angalia badala yake anayewahi mazoezini, anayeandika kwa mpangilio, na ambaye wenzake wakimwuliza kitu wanaondoka na jibu. Mara nyingi huyo ni msichana mkimya wa kidato cha pili ambaye hakujitokeza kuigiza. Ukishamchagua, mpe mamlaka ya kweli. Onyesho likianza yeye ndiye mkubwa, na wewe mwalimu nenda ukakae na watazamaji. Najua hili ni gumu kwetu. Tumezoea kusimama pembeni ya pazia tukinong'ona na kusukuma watoto kwa mabega. Lakini maadamu upo pale, kila mwanafunzi atakutazama wewe na kitabu kitakuwa pambo. Ukiondoka, watasomana wao kwa wao.

Sasa tatizo linalofuata: msimamizi yuko kushoto mwa jukwaa, mpiga radi yuko kulia, na wa pazia yuko nyuma. Watasikizanaje bila kupiga kelele? Kwenye kumbi kubwa wana vifaa vya kuvaa masikioni. Ninyi tengenezeni taa za ishara, na hapa mwite mwalimu wa fizikia awe mwenzako. Kila kituo kinapata balbu mbili ndogo za tochi, moja imepakwa rangi nyekundu, nyingine kijani. Nyekundu ikiwaka maana yake tayari. Kijani ikiwaka, fanya. Swichi zote zinakaa kwenye kibao mbele ya msimamizi. Umeme ni wa betri mbili za tochi, volti 3, hivyo hakuna atakayedhurika hata akishika waya mtupu. Waache wagundue wenyewe kwamba kila kituo hakihitaji nyaya nne, kwa sababu balbu mbili zinaweza kurudisha umeme kwa waya mmoja wa pamoja; tatu zinatosha. Waache pia wagundue kwamba kwenye waya mwembamba wa mita 20 balbu inafifia, na wapime kwa nini. Hilo ni somo la ukinzani ambalo kwenye kitabu cha fizikia lina kurasa nyingi, na hapa lina sababu ya kuwepo. Watoto sita hadi wanane watashughulika nalo kwa majuma kadhaa, nawe utapata kifaa mtakachokitumia miaka.

Hapo tayari una sehemu ya jibu kwa mwalimu mkuu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unaweka asilimia 20 ya alama za mwisho kwenye tathmini endelevu na asilimia 80 kwenye mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, na unadai wanafunzi wafanye miradi. Sanaa za Maonyesho ni mojawapo ya masomo yake. Mradi wa taa za ishara una tatizo, mchoro, jaribio, marekebisho na matumizi. Mwalimu wa fizikia atakushukuru. Na kwa Kiswahili, ambacho mtaala huohuo umekifanya cha lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, unajua shida yetu hapa Uganda: watoto wanajifunza lugha lakini wakitoka darasani hawana pa kuitumia kwa kazi. Kitabu cha ishara kikiandikwa kwa Kiswahili, ishara zikiitwa kwa Kiswahili, tayari wanatumia amri, wakati na viunganishi bila kuambiwa ni zoezi. Baada ya kila zoezi kubwa na kila onyesho msimamizi aandike ripoti ya ukurasa mmoja: lilianza saa ngapi, likaisha saa ngapi, ishara ipi ilikosewa na kwa nini, nini kimevunjika, nani atakitengeneza na lini. Hiyo ni insha ya ripoti ambayo ungewapa hata kama klabu isingekuwepo, ila hii itasomwa na watu wanaoihitaji.

Nirudi kwenye mwanga, kwa sababu kukataa taa sikumaanisha usifundishe mwanga. Mwanga mnao, tena mwingi. Kwanza zunguka ukumbi saa ileile mtakayoigiza, ukiwa na wanafunzi watano na simu moja yenye kamera. Tazama madirisha. Ikiwa kuna dirisha au mlango wazi nyuma ya jukwaa, waigizaji wote watakuwa vivuli vyeusi na nyuso hazitaonekana. Ziba huko nyuma, fungua ya pembeni mbele ya jukwaa. Kama ukumbi una madirisha mazuri upande mmoja tu, fikirieni kuhamisha jukwaa. Hakuna sheria inayosema mchezo lazima uchezwe kwenye lile jukwaa la saruji lililojengwa kwa ajili ya wageni rasmi. Sakafu ya ukumbi, watazamaji wakikaa pande tatu, mara nyingi inasikika na kuonekana vizuri zaidi.

Kisha jaribio ambalo ningependa kila shule ya Uganda ilifanye. Msimamishe mwanafunzi mbele ya ukuta mweupe wa ukumbi, mpige picha. Msimamishe tena mahali palepale, nyuma yake mmetundika mikeka ya mafunjo au mablanketi ya rangi nzito, mpige picha. Linganisheni. Kwenye ukuta mweupe uso umezama. Kwenye mkeka macho, mashavu na midomo vimetoka. Jicho, kama ilivyo kamera, hujirekebisha kulingana na kile kinachong'aa zaidi mbele yake. Ukuta mweupe unang'aa kuliko ngozi yetu, basi jicho linajipima kwa ukuta na uso wa mwigizaji unaachwa gizani. Shule nyingi hupaka ukuta wa nyuma chokaa nyeupe "ili pawe na mwanga," halafu zinalalamika kwamba taa hazitoshi. Mikeka michache inaweza kufanya kazi ambayo taa za pesa nyingi zingeshindwa kuifanya. Vivyo hivyo shati jeupe pe la sare karibu na uso. Kwenye maleba, yaani mavazi ya waigizaji, tumia rangi ya maziwa au kahawia hafifu.

Jambo la pili kuhusu ngozi nyeusi: mwanga wa kutoka mbele moja kwa moja unaifanya iwe bapa. Mwanga wa kutoka pembeni na juu kidogo hugusa shavu, paji na taya, na ngozi hujibu kwa kung'aa pale pale inapopindwa. Mwonyeshe mwanafunzi kwa tochi chumbani penye giza: mbele, kisha pembeni, kisha chini ya kidevu. Ndani ya dakika kumi atakuwa ameelewa kwa nini mfalme, mgonjwa na mchawi hawamulikwi kwa namna moja.

Siku mtakapopata taa, na mkawa mnaigiza baada ya saa moja na nusu jioni jua likishazama, kanuni ya kuanzia ni ile iliyoandikwa na Stanley McCandless wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1932: kila sehemu ya jukwaa imulikwe na taa mbili, moja kutoka kila upande wa mbele, zote zikishuka kwa pembe ya digrii 45 hivi, moja ya rangi ya joto na nyingine ya rangi baridi. Kwa taa za LED za dukani hili ni rahisi, kwa sababu rangi imeandikwa kwenye boksi: 3000K ni ya njano, 6500K ni nyeupe ya samawati. Nunua mbilimbili, nusu ya hizi na nusu ya zile. Digrii 45 maana yake ni kwamba taa iliyo mita 3 mbele ya mwigizaji iwe mita 3 juu ya uso wake. Paa la ukumbi usilitundikie kitu hadi fundi wa majengo aseme kenchi zinabeba. Tumieni nguzo zilizosimikwa kwenye tairi kuukuu lililojazwa zege, kisha kichwa cha nguzo kifungwe ukutani kwa waya. Jueni pia kwamba taa hizi za LED haziwezi kufifishwa kwa swichi ya kawaida ya kupunguza mwanga, zitapepesa. Zigawanyeni kwenye swichi tatu au nne tofauti, na kwa mfifio wa polepole mwanafunzi ateremshe kibao mbele ya taa kwa mkono. Akifanya mazoezi, huwezi kujua kwamba ni kibao. Vitabu vya zamani vinaeleza namna ya kufifisha taa kwa ndoo ya maji ya chumvi iliyounganishwa na umeme. Akitokea mtu wa kukushauri hivyo, kataa katakata.

Na umeme wenyewe ufundishwe kwa hesabu kabla ya kuguswa. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ya ampea 13. Kwa volti 240 hiyo ni wati 3,120 kwa soketi nzima. Taa za zamani za halojeni za wati 500 zikiwa sita zimefika wati 3,000, na hapo hujachomeka amplifaya. Taa kumi za LED za wati 50 ni wati 500 tu, ampea 2 na ushee. Watoto wakipiga hesabu hiyo wenyewe ubaoni hawatasahau. Lakini fyuzi hailindi waya mwembamba wa ekstensheni ya bei rahisi, wala hailindi ekstensheni iliyoachwa imeviringwa kwenye kigurudumu chake. Waya uliokunjwa hupata joto hadi plastiki ikayeyuka. Ukunjuliwe wote. Na zile soketi zenu mbili, kabla ya lolote, zikaguliwe na fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme nchini, akueleze kama ziko kwenye mstari mmoja au miwili na kama waya wa ardhini upo kweli. Tenga sehemu ya laki tano zako kwa ajili yake. Mwombe aje saa ya klabu, wanafunzi wamwone akipima.

Mandhari ni eneo la wenye mikono. Fremu ya mbao za inchi 2 kwa 1, urefu futi 8, upana futi 4, kona zikishikwa kwa pembetatu za plaiwudi, juu yake kitambaa cha marekani kilichovutwa kikakaza na kupakwa rangi ya maji: hiyo ndiyo matofali ya jukwaa duniani kote, na vipimo vyake vinatokana na mbao na plaiwudi zinavyouzwa. Nne zinatosha kuwa nyumba. Nyuma kila fremu iwe na mguu wa pembetatu unaolemewa na gunia la mchanga. Usiipandishe jukwaani kabla mwanafunzi hajaisukuma kwa nguvu usawa wa bega lake ikakataa kuanguka. Matete, mikeka na nyasi mnazo bure. Mkizitumia, moto wa kweli haupandi jukwaani: si mshumaa, si kibatari, si jiko la mkaa, hata kama mchezo unataka. Balbu ndogo ya betri ndani ya taa ya chemli inatosha.

Kuhusu sauti nitakuwa mfupi. Msiweke maikrofoni kwenye mchezo wa kuigiza. Mabati na kuta tupu ndivyo vinavyoharibu maneno kwa mwangwi, na spika itauongeza. Tundikeni mablanketi ukuta wa nyuma ya watazamaji, wafundishe waigizaji kutamka, na mtasikika. Ikiwa kuna msimulizi au muziki, spika ziwe mbele ya maikrofoni, kamwe zisiielekee, ndipo mluzi utakoma. Ila milio ya mchezo ifanywe kwa mikono, na hapa panahitaji watu wengi na panafurahisha sana. Bati jembamba likining'inizwa kwa kamba na kutikiswa chini ni radi, na hiyo ni mbinu ya kumbi za zamani za Ulaya. Maharagwe yakizungushwa polepole kwenye ungo ni mvua. Vifuu viwili vya nazi, au vibuyu vilivyokatwa, ni kwato. Wape watoto wanne orodha ya milio ya mchezo wenu na wiki moja, walete vifaa kutoka nyumbani, kisha wengine wafumbe macho na kukisia. Ushauri mmoja wa mvua halisi: ikinyesha kwenye mabati hakuna sauti inayoishinda. Msimamizi awe na ruhusa ya kusimamisha mchezo, waigizaji wabaki mahali pao, na kuendelea mvua ikipungua. Iandikwe kabisa kwenye kitabu, isiwe jambo la kubishaniwa siku hiyo.

Maleba na vifaa vya mkononi navipita haraka: meza moja kila upande wa jukwaa, ifunikwe karatasi, kila kifaa kichorewe mstari kuzunguka na kuandikwa jina. Ukiona nafasi tupu kabla pazia halijafunguka, unajua nini hakipo. Ila naomba usiwagawe watoto kwa mazoea, wasichana kwenye sindano na wavulana kwenye nyundo. Zungusha kila mtu kwenye kila kazi kwa majuma ya mwanzo, kisha wachague.

Usalama uwe na sheria chache zisizojadiliwa. Ngazi hupandwa mwingine akiishika, na mguu wa ngazi uwe mbali na ukuta mita moja kwa kila mita nne za kwenda juu. Ukingo wa jukwaa na kila ngazi ya nyuma vibandikwe tepu nyeupe. Milango yote ya ukumbi ibaki bila kufungwa kwa ufunguo wakati watu wako ndani, na mwanafunzi mmoja kwa kila mlango kazi yake ni hiyo tu. Hakuna viatu vya wazi siku ya kujenga.

Panga muhula ukijua kwamba siku ngumu kuliko zote ni ile ya zoezi la ishara. Siku hiyo hamchezi mchezo mzima. Mwigizaji anasema sentensi mbili kabla ya ishara, ishara inaitwa, inafanyika, mnaruka hadi ishara inayofuata. Ikikosewa mnarudia, hata mara kumi. Waigizaji watachoka na kulalamika, kwa kuwa wamezoea kuwa kitovu. Waambie mapema kwamba siku hii ni ya wenzao. Itengee Jumamosi nzima. Walimu wengi huiruka, wanadhani mambo yatajipanga siku ya onyesho, na hapo ndipo pazia hukwama. Mkienda kwenye mashindano ya muziki, ngoma na maigizo, ambako shule moja hupisha nyingine jukwaani, kikosi chenu kiwe kimefanya mazoezi ya kupanga na kupangua jukwaa kwa saa ya mkononi, kimya kimya.

Kampala ni karibu kilomita 500 kutoka kwenu, na safari ya kwenda kuona nyuma ya jukwaa la ukumbi wa Taifa, uliofunguliwa mwaka 1959, ni ghali. Walimu wengine wako karibu. Wale vijana wanaofunga spika na taa kwenye harusi na mikutano ya injili pale Arua wanajua nyaya, mizigo ya jenereta na namna ya kufunga nguzo upepo ukivuma. Wanapenda sauti kubwa mno kwa mchezo wa kuigiza, hilo utawarekebisha, lakini waalike. Na mwalimu mkuu awaone, kwa kuwa ni ajira anayoiona kila Jumamosi. Ukitaka mfano wa zamani, mwambie kwamba mwaka 1965 wanafunzi wa chuo kikuu cha Makerere walianza kuizunguka nchi na jukwaa la kusafiri, wakiigiza bure kwenye kumbi za shule na viwanja, bila kungoja mitambo.

Pesa zenu basi: kaunta buku, penseli, nakala za mchezo, tepu nyeupe, balbu, betri na waya wa taa za ishara, mbao na marekani za fremu nne, na ada ya fundi wa umeme. Kitakachobaki kiwekwe, ndicho kitakachoanza kununua taa mwakani.

Kabla ya hapo nipimie vitu vinne: upana na kina cha jukwaa, urefu kutoka sakafu hadi kenchi, madirisha yako upande gani kwa dira, na umbali wa kila soketi kutoka jukwaani. Waache wanafunzi wapime wenyewe kwa utepe wa kupimia, wachore kwa kipimo cha sentimita 2 kwa mita 1, na wanitumie mchoro huo. Nitawarudishia ukiwa na mahali pa mikeka, nguzo na vituo vya taa za ishara.